Hortense na Majogoo wa Mithras

Kabla ya kumwona Hortense, mtu humsikia akisonya. Ukishuka ngazi za jengo la idara ya akiolojia na kuingia katika korido ya chini, inakohifadhiwa mifupa, msonyo wake hukufikia kwanza: mrefu, mkavu, unaoanza taratibu na kukatika ghafla, kama mtu anayechana kitambaa kipya. Wageni hudhani wamekosea mlango. Wenyeji wanajua tu kwamba Hortense yuko kazini na kwamba kuna jambo limemchosha. Katika miezi mitano ya kazi hiyo, mambo ya kumchosha hayakuwa machache.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mfupi, mwenye mabega mapana, mzaliwa wa Uvira, mashariki ya Kongo. Huko Uvira, kabla vita havijamtoa, aliuza kuku sokoni kwa miaka kumi na minane. Aliweza kukisia umri wa jogoo kwa kukishika tu kipi chake, ule mwiba wa mguuni, huku amefumba macho. Stockholm haikumuuliza habari za kuku. Ilimpa kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwainua, kuwaogesha, kuwageuza kitandani. Aliwainua miaka tisa, mpaka mgongo wake ukakataa. Daktari akaandika barua, ofisi ya ajira ikatafuta kazi isiyo ya kuinua mizigo, na likatokea jambo ambalo hakuna mtu katika kwaya ya kanisa lake huko Alby, kitongoji cha Stockholm alikoishi, aliyeliamini: msaidizi wa kusafisha mifupa ya kale.

"Mifupa ya batu?" aliuliza Médiatrice, rafiki yake wa kwaya, huku amejishika kifua.

"Ya kuku," Hortense akajibu. "Na nguruwe kidogo."

"Kuku wa kale! Ah, Mama Maombi, Bazungu banakuchezea."

Kazi ilikuwa ya majaribio ya miezi sita. Muda huo ukiisha, Daktari Christina, mkuu wa mradi, angeandika barua ya kumwombea kazi ya kudumu, au asiandike. Asipoandika, Hortense angerudi kuwainua wazee kwa mgongo ule ule. Hilo ndilo alilolala nalo na kuamka nalo tangu Juni.

Mifupa yenyewe ilitoka mbali. Ilichimbwa katika shimo la taka kando ya hekalu dogo, karibu na ngome ya askari wa Kirumi kwenye ukingo wa mto Danube, ikaazimwa kuja Stockholm kuchunguzwa. Hekalu hilo lilikuwa la mungu aitwaye Mithras. Aliyemweleza Hortense habari zake ni Kiprono, kijana wa Kikenya aliyekulia Kericho na sasa aliishi Husby, kitongoji kingine cha Stockholm, akiandika tasnifu ya udaktari juu ya mifupa hiyo hiyo. Wafuasi wa Mithras, alisema, walikuwa wanaume tu: askari, makarani, watumwa waliokombolewa. Walikutana katika vyumba vya giza vilivyojengwa mfano wa pango, wakajinyoosha juu ya mabenchi mawili marefu yanayotazamana, wakala pamoja. Walikuwa na vyeo saba. Wa chini kabisa aliitwa Kunguru, na wa juu kabisa aliitwa Baba. Siri zao walizitunza barabara, maana hawakuacha hata kitabu kimoja cha kueleza waliamini nini. Waliacha picha, karibu ile ile katika kila hekalu: Mithras, kijana mwenye kofia iliyochongoka, amempandia fahali mgongoni na anamdunga kisu.

"Kwa picha hiyo," Kiprono alisema, "wasomi wamebishana zaidi ya miaka mia moja. Huyu anasema dini ilitoka Uajemi. Yule anasema hapana, fahali ni nyota, picha nzima ni ramani ya mbingu. Mwingine anasema wote wawili wanaota."

"Na huyo fahali walimla?"

"Hapo ndipo panapochekesha, Mama Maombi. Tukichimba hatukuti fahali. Tunakuta kuku. Tena majogoo, mamia."

"Pichani ng'ombe, sahanini kuku." Hortense akasonya. "Kama harusi ya shemeji yangu."

Ubishi wa fahali haukumsumbua Hortense, maana ulibaki mbali, vitabuni. Bahati mbaya ulikuwapo mwingine, na huo ulikaa naye mezani kila siku saa tatu asubuhi, wakati wa kahawa. Mifupa ya miguu ya majogoo wale, ya paja na ya muundi, mingi haikuwa na ncha. Bomba la katikati lilikuwapo, lakini mwisho wake, pale penye gegedu na uboho, palikuwa pameondoka, pamebaki ukingo uliochakaa. Daktari Christina aliamini kwamba waumini walizivunja ncha hizo makusudi, kwa ibada, ili mfupa uliomtumikia mungu usije ukatumika tena kwa jambo lingine. Alikuwa ameandika sura ya kurasa arobaini juu ya hilo. Kiprono aliamini kwamba waliozitafuna ni mbwa wa ngome.

"Hoja yako inavutia, Kiprono," Daktari Christina angesema, akikoroga kahawa.

Baada ya miaka mingi Stockholm, Hortense alijua maana ya maneno hayo: nyamaza.

"Asante, Christina. Ila shimo lilikuwa nje ya hekalu, na mbwa…"

"Mbwa wangekula mfupa wote. Tumeshalizungumza."

"Tumelizungumza, lakini hatujalimaliza."

Miezi mitano, kahawa ile ile, mbwa wale wale. Hawakupandishiana sauti hata mara moja, na hilo ndilo lililomkera Hortense kuliko yote. Kwao Uvira, ugomvi wa namna hiyo ungemalizwa asubuhi moja, watu wakapigiana kelele, wakacheka, wakarudi kwenye biashara zao. Yeye mwenyewe hakuwa na maoni. Mifupa ilimfikia mmoja mmoja, imegandamana na udongo. Aliipiga brashi, akaipa nambari, akailaza kwenye trei. Hakuna aliyemlipa ili awaze.

Katikati ya Oktoba Daktari Christina alimwita. Idara ilikuwa na mifupa ya kuku wa siku hizi kwa ajili ya kulinganishia, lakini yote ilikuwa ya kuku wa dukani.

"Hao ni watoto," Hortense akasema. "Wiki sita. Mifupa yao ni kama mkate."

"Ndiyo maana nahitaji majogoo waliokomaa. Uliwahi kusema unamfahamu mtu."

Alimfahamu. Karibu na Tumba aliishi mzee mmoja wa Kiswidi mwenye kuku wa kienyeji, ambaye kila mwaka alibaki na majogoo asiojua awapeleke wapi. Daktari Christina alifurahi, na akatabasamu meno nje, jambo ambalo Hortense hakuwahi kuliona. Akampa karatasi ya maelekezo: jogoo akichinjwa achunwe, nyama iondolewe kwa kisu bila kukwaruza mfupa, mabaki yalowekwe siku tatu katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga.

Hortense alifika penye sabuni ya unga, akasimama hapo hapo. Majogoo wanne wa miaka mitatu, nyama ambayo familia za Alby huota kuipata, watiwe sabuni ya kufulia!

"Daktari, ni lazima sabuni?"

"Mbinu si muhimu sana," alijibu Daktari Christina, tayari macho yamerudi kwenye kompyuta. "Muhimu mifupa iwe safi, ipatikane yote, na jogoo mmoja asichanganywe na mwingine."

Hortense aliondoka na sentensi hiyo kama mtu aliyepewa kibali kilichogongwa mhuri.

Jumamosi mzee wa Tumba alichinja, Hortense akapika. Hakufanya kazi kiholela. Jogoo mmoja, sufuria moja, meza moja: mbili nyumbani kwake, mbili kwa jirani wa mlango wa pili. Aliwapika saa tatu nzima, kwa nyanya na vitunguu na tangawizi, mpaka nyama ya majogoo wale wazee ikakubali. Kwaya ilipoketi mbele ya bugali, alisimama kati ya milango miwili na kijiko mkononi.

"Nisikilizeni! Leo mfupa hautupwi. Kila mfupa urudi katika bakuli la meza yenu. Mkichanganya, nimepoteza kazi."

"Hata mbawa, Mama?" aliuliza Pasta Israël.

"Hata shingo, Pasta."

"Tangu lini mifupa ikahesabiwa?" akasema Médiatrice. "Hii iko chakula ao iko sensa?"

Walicheka, wakaomba, wakala. Baadaye Médiatrice alizunguka, akakusanya mabakuli bila kukosea meza hata moja. Hortense aliimwagia mifupa maji ya moto, akaipanga juu ya magazeti karibu na kipasha joto. Binti yake Maombi, wa miaka kumi na saba, alilalamika kwa Kiswidi kwamba chumba kizima kinanuka, na Hortense akamjibu kwa Kiswahili kwamba kinanuka kazi. Jumapili aliihesabu mifupa ya kila jogoo mara mbili. Mapaja mawili, miundi miwili, mbawa, shingo. Imetimia. Akaifunga katika mifuko minne, akaandika nambari. Aliihesabu kwa uangalifu mkubwa sana, na hakuitazama.

Jumatatu Daktari Christina alimimina mfuko wa kwanza kwenye trei nyeupe. Akamimina wa pili, wa tatu, kisha wa nne.

"Hortense," alisema kwa upole, "ncha ziko wapi?"

Hortense akatazama kwa mara ya kwanza. Joto lilimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Mapaja yote, miundi yote: mabomba matupu.

"Tumezila," akasema.

"Mmezila?"

"Tumezitafuna, Daktari. Hapo ndipo penye utamu."

Daktari Christina alivua miwani, akaisugua kwa kona ya sweta, akaivaa tena kana kwamba ncha zingerudi. "Niliomba mifupa yote."

"Ndiyo."

"Na wewe hukuwazuia?"

Hapo Hortense alitamani sakafu impokee. "Mimi nilikuwa meza ya nne," akasema. "Angalia meza ya nne. Hata mimi nimetafuna."

Ilikuwa kweli, na hakukumbuka hata kidogo. Kinywa chake kilifanya kazi chenyewe, kama kilivyozoea tangu utotoni, wakati yeye anawakodolea macho wengine wasichanganye mabakuli.

"Alhamisi tutazungumza kuhusu barua yako," alisema Daktari Christina. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Hortense angefurahi kama ingekuwapo.

Saa sita alitoka nje, akasimama chini ya mti usio na jani hata moja, akampigia Médiatrice.

"Mulikula ncha!"

"Ncha gani?"

"Za mifupa! Nilisema murudishe mifupa!"

"Mais, si tulirudisha. Miye mwenyewe nilikusanya. Kuna mwenye hakurudisha?"

"Mizima, Médiatrice! Banataka mizima!"

"Mama Maombi, unisikilize vizuri. Nani anarudisha mfupa muzima kwa mwenye kupika? Ningerudisha paja na ncha yake juu, ungesema nini? Ungesema, huyu mutu chakula yangu haikumupendeza. Ungenuna mwezi muzima. Nakujua."

Hortense angenuna, ndiyo, tena zaidi ya mwezi.

"Na Pasta," Médiatrice aliendelea, sauti imeshuka, "maskini Pasta alijikaza na meno yake. Jogoo ilimushinda. Aliona haya, akaficha mfupa ya bawa chini ya bugali, miye nikaitoa, nikairudisha mu bakuli."

"Bon. Nimepoteza kazi kwa sababu ya adabu."

"Ni afazali kuliko kuipoteza kwa kukosa adabu," alisema Médiatrice, na Hortense akamkatia simu.

Alirudi chini kupanga trei. Mifupa ya Alby ilikuwa bado imetandazwa pale ilipomwagwa; hakuna aliyejali kuifungasha tena. Kando yake ilikaa trei ya mifupa ya Danube aliyoiosha Ijumaa. Alinyoosha mkono aiondoe ile yake mbele ya macho ya watu, na mkono ukabaki hewani.

Akachukua muundi mmoja wa Alby na mmoja wa Danube, akaenda nao chini ya taa. Wa Danube ulikuwa wa kahawia, wa Alby mweupe. Ukiacha rangi, ilikuwa kama ndugu wa tumbo moja. Upande wa goti ulikuwa umekwisha kabisa. Upande wa kifundo, ambao ni mgumu, ulikuwa umemung'unywa tu kisha ukaachwa. Ukingo ulikuwa umebonyea kwa ndani, si wa kukatwa wala wa kuvunjwa, na nyuma yake kulikuwa na vishimo vifupi vifupi, viwili viwili. Alichukua mwingine, na mwingine. Mfupa uliotafunwa ni kitu ambacho mtu hakitazami: ukitoka mdomoni unaingia kwenye ndoo. Katika maisha yake ya kuku, hakuwahi kuuona.

"Kiprono!" aliita. "Waache mbwa wako huko, njoo hapa."

Kiprono alikuja na kikombe mkononi. Hortense alimpokonya kikombe.

"Fumba macho. Leta kidole gumba. Huu ni wa wapi?"

Kiprono aliupapasa ukingo. "Wa Danube. Huu nausoma kila siku."

"Huo ni wa Médiatrice. Na huu?"

"Huu… huu ndio wa kisasa."

"Huo ni wa Mithras. Fumbua."

Alifumbua, akatazama, akaketi juu ya sanduku bila kuangalia kama ni la kukalia. Hortense alimwacha apumue mara mbili tu.

"Wewe umekulia Kericho. Kwenu mifupa hamtafuni?"

"Tunatafuna, Mama. Sana."

"Sasa miezi mitano unawasingizia mbwa, hukuwahi kujiwaza mwenyewe?"

Kiprono alijikuna shingo. "Katika kitabu cha alama za mifupani kuna mbwa, panya, kisu, moto na mizizi ya miti. Mtu mwenye njaa ametajwa kwa mistari miwili tu. Nikaona hana uzito."

"Mtu mwenye njaa!" Hortense akasonya mpaka mwisho wa pumzi. "Mwenye njaa hana muda wa mfupa, anakimbilia nyama nyingine. Anayetafuna mfupa ni mtu aliyeshiba. Anakaa, anaongea, mfupa uko mkononi, hana haraka. Si umesema walikuwa wamejinyoosha kwenye mabenchi? Walikuwa wanapiga soga, mwanangu. Ndio hao."

Kiprono alisimama, macho yanang'aa, tayari kupanda ngazi kwenda kwa Daktari Christina. Hortense alimshika mkono wa shati.

"Keti. Yule mama ameandika kurasa arobaini. Alhamisi anaamua kama nibaki au niende. Na leo wewe unataka kumwambia kwamba kurasa zake zimetafunwa na kwaya yangu?"

"Lakini ni kweli, Mama Maombi."

"Najua ni kweli! Ndicho kinachonichosha."

Siku tatu alitembea na jambo hilo kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Akinyamaza, huenda Daktari Christina angemsamehe majogoo wanne na kuandika barua. Akisema, angekuwa msaidizi aliyeharibu kazi kisha akaja kumfundisha mwenye kazi. Lakini kila asubuhi saa tatu alikaa kwenye kahawa akiwasikiliza wakirudia, ibada, mbwa, ibada, mbwa, na kila asubuhi alijua zaidi kwamba hawezi kuusikiliza ubishi huo mwaka mwingine, hata kwa kazi ya kudumu.

Alhamisi Daktari Christina alifunga mlango, akaanza vizuri. "Wewe ni mwangalifu, Hortense, na trei zako ni safi kuliko za mtu yeyote. Lakini katika kazi hii…"

Hortense akaweka mifupa miwili mezani, mmoja mweupe, mmoja wa kahawia. "Kabla hujamaliza, Daktari, tazama hii."

Daktari Christina hakukubali kufumba macho. Alikuwa mtu wa hadubini. Alitazama mfupa mweupe, akatazama wa kahawia, akarudi kwenye mweupe. Alitazama muda mrefu, hadi Kiprono, aliyekuwa akisikiliza nje, akausukuma mlango na kusimama kizingitini.

"Hawa walikuwa waumini," hatimaye alisema Daktari Christina, jicho bado liko kwenye lenzi. "Ile ilikuwa karamu takatifu."

Msonyo ulimtoka Hortense kabla hajauzuia. "Na sisi ni kwaya, Daktari! Tuliomba dakika ishirini kabla ya kula, chakula kikapoa. Mtu akimwomba Mungu, meno yanakwenda wapi?"

Daktari Christina aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa mwekundu.

"Kurasa arobaini," akasema.

"Thelathini zinaweza kuokolewa," alisema Kiprono.

"Kiprono, hoja yako inavutia." Kisha akamgeukia Hortense, na kwa mara ya kwanza tangu Juni sauti yake ilipanda. "Kwa nini hakuna aliyeniambia? Miaka minne! Nimezungukwa na watu wanaokula kuku!"

"Hukuuliza kuhusu kuku, Daktari. Uliuliza kuhusu Mithras."

Daktari Christina aligonga meza kwa kalamu. Kisha yule mtaalamu ndani yake akaamka. Majogoo wanne hawathibitishi kitu, alisema. Wamepikwa nyumbani, hakuna kumbukumbu, hakuna picha, hakuna anayejua nani alitafuna nini. Lazima jaribio lirudiwe, hapa idarani, kwa utaratibu: majogoo kumi na wawili, walaji ishirini na wanne, umri wao, meno yao, kila meza irekodiwe kwa kamera. Nusu wale kama kawaida yao, na nusu wakatazwe kutafuna, ili pawe na cha kulinganishia.

"Wakatazwe?" Hortense aliuliza. "Daktari, nani atakubali kuwa katika nusu hiyo?"

"Ipigwe kura ya bahati nasibu."

"Mungu wangu."

"Sasa nisikilize," alisema Daktari Christina, na Hortense akanyooka kitini. "Muda wako unaisha tarehe thelathini Novemba. Jaribio litakuwa Jumamosi, tarehe ishirini na tisa. Tukipata alama kama hizi, nina sababu ya kuomba mradi uongezewe miaka miwili, na nitaandika kwamba bila wewe haufanyiki. Tusipozipata, sina cha kuandika, na sitaandika uongo."

"Sawa," Hortense akasema. Lilikuwa neno la haki kuliko yote aliyowahi kuambiwa katika ofisi za Stockholm, na lilimkosesha usingizi.

Wiki nne zilizofuata zilimzeesha. Kila mlaji alitakiwa kujaza fomu ya kurasa tano za Kiswidi, kukubali kwa hiari yake kutafunishwa au kutotafunishwa. Swali la tisa liliuliza idadi ya meno ya asili. Pasta Israël alipiga simu siku hiyo hiyo.

"Mama, mchungaji ahesabiwe meno? Mbele ya kwaya?"

"Hakuna atakayeona, Pasta. Ni siri ya utafiti. Na wewe ndiye unayehitajika kuliko wote."

"Kwa nini mimi?"

"Katika askari wale lazima alikuwepo mzee asiye na meno. Tunataka kujua mifupa yake inafananaje."

"Asiye na meno!"

"Mwenye machache, Pasta. Mwenye machache."

Alinuna siku nne, kisha akaleta fomu ndani ya bahasha iliyogundishwa kwa gundi na utepe. Mzee wa Tumba alikutwa na majogoo tisa tu. Ikabidi Kiprono azunguke mpaka karibu na Nynäshamn kutafuta watatu, akarudi na mikwaruzo hadi kiwikoni. Kura ilipopigwa, Médiatrice aliangukia katika nusu iliyokatazwa. Alipiga simu mara tano.

"Nitakaa na mfupa mukononi, naitazama, inanitazama?"

"Ndiyo."

"Na pembeni yangu Mama Wivine anatafuna?"

"Meza nyingine. Hutamwona."

"Nitamusikia, Mama Maombi! Yule anatafuna kwa sauti!"

"Ni sayansi, ma chère."

"Sayansi yenu iko na roho mubaya."

Ijumaa, tarehe ishirini na nane, Hortense alimaliza kila kinachoweza kumalizwa siku moja kabla. Majogoo kumi na wawili walikuwa kwenye friji, kila mmoja na kibandiko chake mguuni. Sufuria kumi na mbili zilipangwa. Kamera zilijaribiwa, zikagoma, zikajaribiwa tena. Kiprono alibandika nambari mezani, akagundua ameruka saba, akabandua zote. Daktari Christina alipita mara ya sita kuuliza kama chumvi itakuwa sawa katika kila sufuria, na Hortense akamwambia kwa mara ya sita kwamba itakuwa sawa, aende akanywe kahawa. Hakwenda. Alisimama mlangoni akihesabu viti kwa kidole, midomo ikicheza bila sauti.

"Wataanza kufika saa ngapi?" aliuliza.

"Saa sita mchana, Daktari. Kesho."

"Kesho," alirudia Daktari Christina, kana kwamba neno hilo lina kasoro.

Hortense hakumcheka. Dirishani giza la Novemba lilikuwa limekwisha kuingia, na saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika kumi alasiri. Aliketi katika kiti kimoja kati ya vile ishirini na vinne, akainuka, akakisogeza kidogo kuelekea mezani, akaketi tena. Akaitazama saa. Bado ilikuwa saa tisa na dakika kumi.